Nani Amfundishe Wakili wa Kigeni? Wanafunzi wasaidizi katika shule za sheria za Marekani

Mawakili, mahakimu na maofisa sheria wa Afrika Mashariki wanaokwenda Marekani kusoma LL.M., shahada ya uzamili ya sheria, hukutana na jambo ambalo mara nyingi hakuna aliyewadokeza kabla hawajapanda ndege. Kazi ya kwanza ya uandishi wa kisheria inarudi imejaa maoni pembezoni, na aliyeyaandika si profesa. Ni mwanafunzi wa J.D., shahada ya kwanza ya sheria ya Marekani, wa mwaka wa pili au wa tatu, pengine ana miaka ishirini na mitano tu, hajawahi kusimama mbele ya hakimu hata siku moja. Anayesahihishwa, kwa upande wake, huenda ameitwa “wakili msomi” kwa miaka minane.

Hapo ndipo maneno yanapoanza. Wengine wanaliona jambo hili kuwa dharau, tena dharau waliyoilipia kwa dola. Wengine wanasema bila mwanafunzi huyo wasingeuvuka muhula wa kwanza. Kuna pia kundi la tatu, la waombaji ambao bado wako Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, wanaosikia kwamba vyuo vya Marekani huajiri wasaidizi wa kufundisha na kuamini kwamba wao wenyewe watapata kazi hiyo ili wapunguziwe ada. Makundi haya matatu yanazungumzia kitu kimoja bila kukubaliana ni kitu gani.

Ngazi mbili zisizolingana

Mkanganyiko unaanzia kwenye vyeo vya shahada. Kwetu, kijana hutoka sekondari akaingia moja kwa moja LL.B., akimaliza anakwenda kwenye mafunzo ya vitendo, na LL.M. inakuja juu ya hayo yote. Marekani hakuna LL.B. Mwanafunzi husoma kwanza shahada ya historia, uchumi, uhandisi au chochote kile kwa miaka minne, kisha ndipo anaingia shule ya sheria kwa miaka mitatu ya J.D. Chuo Kikuu cha Chicago kilianza kuitoa J.D. mwanzoni mwa karne ya 20, lakini vingi viliendelea kutoa LL.B. hadi miaka ya 1960, na Yale ilibadilisha jina mwaka 1971. Jina lilibadilika, kazi ikabaki ileile: hii ndiyo elimu ya kwanza ya sheria, na ndiyo shughuli kuu ya shule.

LL.M. ya mwaka mmoja, kwa sehemu kubwa, imewekwa kwa waliosomea sheria nje ya Marekani. Mmarekani mwenyewe huifuata mara chache, kwa kawaida akitaka kubobea katika kodi au eneo jingine jembamba. Kwa hiyo, kwa kipimo cha shahada, hakimu mkazi kutoka Arusha yuko juu ya kijana wa J.D. anayemsahihisha. Kwa kipimo cha sheria ya Marekani, kijana huyo ametangulia mwaka mmoja au miwili. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na kila upande huchagua kipimo kinachoupendeza.

Kuna tofauti nyingine isiyotajwa sana. Katika vyuo vyetu, mkufunzi msaidizi ni mhitimu aliyefaulu vizuri, ameajiriwa na chuo, na yuko kwenye ngazi ya kuelekea uhadhiri. Msaidizi wa Marekani hayuko kwenye ngazi yoyote. Ni mwanafunzi anayelipwa kwa saa au anayepewa uniti chache za masomo, na mwakani ataondoka kwenda kampuni ya mawakili. Mtu aliyezoea mfumo wa kwetu akisikia cheo kile, anatarajia mtu wa aina nyingine kabisa.

Kwa nini wasaidizi wapo

Sababu ya kwanza ni kanuni za New York, jimbo linalowavutia sana wanasheria wa kigeni wanaotaka leseni ya Marekani. Kanuni ya 520.6 ya Mahakama ya Rufani ya jimbo hilo inawatazama waliosoma nje kwa vigezo viwili: muda wa masomo na kama nchi yao inafuata mfumo wa sheria wa Kiingereza. Aliyetimiza vyote viwili anaweza kuruhusiwa kufanya mtihani wa uwakili bila LL.M. Aliyepungukiwa na kimoja huziba pengo kwa LL.M. yenye uniti zisizopungua 24 katika shule iliyoidhinishwa. Mwanasheria wa Bujumbura au Lubumbashi, ambako mizizi ya sheria ni ya Kibelgiji, kwa kawaida huangukia hapa. Miongoni mwa uniti hizo 24, mbili lazima ziwe za utafiti, uandishi na uchambuzi wa kisheria, na haziwezi kufidiwa na insha iliyoandikwa kwenye somo jingine.

Kwa maneno mengine, kanuni imelazimisha kila shule inayotaka wanafunzi wa kigeni wanaolenga leseni ya New York iwe na somo la uandishi. Na uandishi haufundishiki kwa mhadhara. Kila rasimu lazima isomwe neno kwa neno, irudishwe, iandikwe tena, isomwe tena. Profesa mmoja mwenye wanafunzi hamsini wanaoandika rasimu mbili mbili ana kurasa mamia za kusoma kabla ya mwisho wa mwezi. Lazima mtu amsaidie.

Sababu ya pili ni fedha. Mwaka 2010 zaidi ya wanafunzi 52,000 waliingia mwaka wa kwanza wa J.D. nchini Marekani. Kufikia 2014 idadi ilikuwa imeshuka chini ya 40,000. Shule zilizozoea ada za watu wengi zilijikuta na madarasa matupu, na LL.M. ikawa mlango wa kuingizia mapato. Mlango huo una faida nyingine kwa shule: orodha maarufu za kupanga ubora wa shule hutazama alama za wanafunzi wa J.D., hazitazami za LL.M. Shule inaweza kuongeza wanafunzi wa kigeni bila kuogopa kushuka kwenye orodha. Ada ya mwaka mmoja katika shule kama Harvard au Columbia inapita dola 70,000, kabla ya pango na chakula.

Ya tatu ni ukosefu wa mkaguzi. Chama cha Wanasheria wa Marekani, ABA, huidhinisha J.D. kwa viwango vya kina. LL.M. hakiikagui kwa namna hiyo. Kinachoangalia ni kwamba programu hiyo isidhoofishe J.D. Hakuna kiwango cha kitaifa kinachosema nani anastahili kumfundisha mwanafunzi wa LL.M., kwa saa ngapi, akiwa na mafunzo gani. Kila shule inajipangia, na mwombaji aliyeko Mwanza ananunua mbuzi kwenye gunia.

Nyongeza ndogo: hata walimu wa uandishi wenyewe, katika shule nyingi za Marekani, wamekuwa kwa miongo mingi wakilipwa chini ya maprofesa wa masomo mengine na kukosa ajira ya kudumu. Somo lililowekwa pembeni hupewa wasaidizi wa pembeni.

Kazi yenyewe ikoje

Ubishi mwingi hufanyika bila kutazama msaidizi anafanya nini hasa. Basi tuitazame.

Wakili wa Tanzania au Kenya akipewa zoezi la kuandika memo ya ofisini, yaani maoni ya kisheria kwa mwanasheria mkuu wa kampuni, huanza na historia ya shauri. Anafuata sheria, anazipitia kesi moja moja, na ukurasa wa saba ndipo msomaji anapata jibu. Ni uandishi wenye adabu, na mahakama zetu zimeuzoea. Memo ya Kimarekani hufungua na swali kwa sentensi moja, na jibu fupi linafuata papo hapo: ndiyo pengine, hapana pengine, kwa sababu hii. Kisha kila hoja inapita hatua zilezile nne: suala, kanuni, namna kanuni inavyogusa mambo ya shauri, hitimisho. Isitoshe, memo haimtetei mteja. Inabashiri mahakama itasema nini, hata kama mteja atashindwa. Wakili aliyezoea kutetea huona kuandika hivyo ni kumsaliti aliyemlipa.

Haya hayamo kwenye kitabu chochote cha kanuni za sheria. Ni desturi, na kijana wa J.D. amezimeza mwaka uliotangulia, kwa machungu, akisahihishwa vilevile. Anajua kosa lilipo kwa sababu alilifanya.

Ndivyo ilivyo pia kwenye unukuzi. Sisi tunaandika mwaka kwanza: [1932] AC 562. Wamarekani wanafuata kitabu cha Bluebook, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1926, na huanza na namba ya jalada: 217 N.Y. 382 (1916). Nukta moja ikikosewa, maksi zinapungua. Ni kazi ya kuchosha, haina falsafa yoyote ndani yake, na kumtaka profesa wa miaka thelathini ya uzoefu aikalie saa nzima ni kupoteza profesa.

Lakini tazama kesi zenyewe nilizozitaja. Ya kwanza ni Donoghue dhidi ya Stevenson, kesi ya konokono kwenye chupa, ambayo kila mwanafunzi wa sheria wa Dar es Salaam au Makerere huikariri akifika somo la madhara. Ya pili ni MacPherson dhidi ya Buick, ya gurudumu la gari lililovunjika, aliyoiamua Jaji Cardozo wa New York. Wakili wetu anamtaja Lord Atkin wa kesi ya konokono. Msaidizi anamjibu kwamba Atkin hana nguvu New York, tumia Cardozo. Yuko sahihi. Ambacho huenda hakijui ni kwamba Lord Atkin, katika uamuzi ule wa 1932, aliinukuu MacPherson na kuiunga mkono. Mwalimu anayezijua sheria zote mbili angelisema hilo, na kwa dakika tano wakili wa kigeni angetambua kwamba yuko katika nyumba ya jamaa, chumba tofauti. Msaidizi hana daraja hilo, na hakuna aliyempa.

Mfano wa pili ni mfupi. New York, mahakama inayoitwa Supreme Court ni ya ngazi ya kusikiliza mashauri kwa mara ya kwanza, na ya juu kabisa ni Mahakama ya Rufani. Mkenya, ambaye Katiba ya 2010 ilimpa Mahakama ya Juu kileleni, huchanganyikiwa. Mtanzania hashangai sana, maana kwake pia kilele ni Mahakama ya Rufani. Msaidizi anayewaona wote hao kuwa “wanafunzi wa kigeni” tu atawapa maelezo yaleyale, na nusu ya darasa itasinzia.

Hoja za wanaoutetea mpango huu

Watetezi wanasema, kwanza, kwamba msaidizi anafikika. Mwanafunzi mgeni anaogopa kumuuliza profesa swali la kitoto, hasa katika darasa la mbinu ya Sokrati, ambamo profesa huita jina na kumhoji mtu mbele ya wenzake. Christopher Columbus Langdell, aliyekuwa mkuu wa shule ya sheria ya Harvard tangu 1870, alijenga ufundishaji juu ya kesi na maswali, na kivuli chake bado kipo. Kwa msaidizi mtu anauliza bila soni.

Pili, kuna hoja ya lugha, na ina uzito. Sheria ya Tanzania iliyorekebishwa mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Uamuzi mzuri, kwa maoni yangu, na ulichelewa. Lakini unamaanisha kwamba wakili kijana atakayezoea kuandika kwa Kiswahili atahitaji mazoezi zaidi ya Kiingereza cha kisheria akienda nje, na mazoezi hayo yanahitaji mtu wa kukaa naye, sentensi kwa sentensi.

Tatu, mtihani wa uwakili wenyewe unadai ustadi huu. New York ilianza kutumia mtihani wa pamoja wa majimbo mwaka 2016, na ndani yake kuna kazi mbili za vitendo, dakika 90 kila moja, zenye asilimia 20 ya alama. Mtahiniwa anapewa faili la mteja na maktaba ndogo ya sheria, anaandika memo au hoja. Aliyesahihishwa rasimu nne na msaidizi mkali ana nafasi nzuri kuliko aliyesikiliza mihadhara kumi na miwili.

Msaidizi naye anafaidika: analipwa, anapata barua nzuri ya profesa, na anakutana na wanasheria watakaokuwa majaji na mawakili wakuu kwao. Makau Mutua, Mkenya aliyesoma Dar es Salaam kabla ya kwenda Harvard, aliwahi kuwa mwanafunzi wa LL.M. wa namna hiyo, kisha akawa mkuu wa shule ya sheria ya Buffalo. Kijana anayemwona mgeni mwenye Kiingereza cha lafudhi nyingine hajui anamsahihisha nani.

Hoja za wanaoupinga

Wapinzani hawakatai kwamba msaidizi anajua Bluebook. Wanauliza kwa nini mtu aliyelipa ada ya profesa apewe mwanafunzi. Swali hili ni zito kuliko linavyochukuliwa. Ikiwa mapato ya LL.M. yanatumika kufidia pengo la J.D., na wanaofundisha LL.M. ni wanafunzi wa J.D. wanaolipwa kwa saa, basi mgeni analipia elimu ya mwenyeji huku akihudumiwa na mwenyeji huyohuyo kwa bei ya chini.

Wanauliza pia kuhusu maslahi yanayogongana. Muhula huohuo, msaidizi na anayesaidiwa wanaweza kukaa pamoja kwenye somo la kodi au la haki za binadamu, wakigombea nafasi ya kuzungumza na profesa mmoja. Msaidizi anajua alama za mwenzake kwenye uandishi. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 kuhusu siri za kumbukumbu za wanafunzi inaibana shule, na kupitia shule inambana msaidizi pia, lakini hakuna sheria inayoweza kumsahaulisha mtu alichokisoma.

Halafu kuna mpaka wa msaada. Msaidizi anayeonyesha kwamba aya haina hitimisho anafundisha. Anayeiandika aya hiyo upya anaandika kazi ya mwenzake, na kwa kanuni za nidhamu za Marekani wote wawili wanaweza kufikishwa kwenye kamati. Mgeni aliyetoka mahali ambapo kunakili maneno ya hukumu bila alama za kunukuu ni jambo la kila siku ofisini, huingia matatani bila nia mbaya. Msaidizi mwenye huruma, asiyefundishwa mpaka uko wapi, humzamisha kwa kutaka kumwokoa.

Upande wa msaidizi pia kuna malalamiko. Mwaka 2014 ABA iliondoa ukomo wa saa 20 za kazi kwa wiki kwa wanafunzi wa kutwa wa sheria, na tangu hapo kinachomlinda msaidizi dhidi ya rundo la rasimu ni busara ya profesa wake. Mwaka 2016 Bodi ya Taifa ya Uhusiano Kazini iliamua, katika shauri la Columbia, kwamba wanafunzi wasaidizi wa vyuo binafsi ni wafanyakazi wenye haki ya kuunda chama. Iliitengua kauli yake ya mwaka 2004 kuhusu Chuo Kikuu cha Brown, ambayo nayo ilikuwa imeitengua ya mwaka 2000 kuhusu Chuo Kikuu cha New York (NYU). Bodi inayogeuka mara mbili ndani ya miaka kumi na sita haimpi mtu usalama wa kupangia maisha.

Malalamiko ya umri na heshima nayapa uzito mdogo. Mtu mzima aliyeamua kujifunza sheria ya nchi nyingine amekubali kuwa mwanafunzi. Ila msaidizi anayejifanya kiranja, anayemwita hakimu kwa jina lake la kwanza na kumkemea kwa kuchelewa dakika mbili, ana tatizo la malezi ambalo shule ilipaswa kulishughulikia kabla ya kumpa darasa.

Njia nyingine zilizopo

Zipo shule zinazowatumia wanafunzi wa udaktari wa sheria, S.J.D., ambao wengi wao ni wageni waliopitia LL.M. hapohapo. Hawa wanajua njia ya mgeni, na mmoja wao angeweza kueleza habari ya Atkin na Cardozo. Udhaifu wao ni idadi: ni wachache, na wana tasnifu ya kumaliza. Uingereza, ambako madarasa madogo mara nyingi hufundishwa na watafiti wa udaktari, njia hii ni ya kawaida zaidi.

Njia ya gharama kubwa ni kuajiri walimu wa kudumu wa uandishi kwa ajili ya LL.M. pekee, wengine wakiwa na ujuzi wa kufundisha Kiingereza kwa wageni. Matokeo ni mazuri, bei inapanda, na mwombaji wa Afrika Mashariki ndiye wa kwanza kuachwa nje.

Wale wanaotarajia kupata kazi ya usaidizi wenyewe nao wajibiwe hapa. Viza ya wanafunzi ya F-1 inaruhusu kazi ndani ya chuo hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, kwa hiyo kisheria inawezekana. Kiuhalisia, nafasi huenda kwa waliokwisha kupita somo hilo, na mwanafunzi wa mwaka mmoja anapolipita anakaribia kufunga mizigo. Usaidizi unaofuta ada yote ni desturi ya programu za udaktari katika vitivo vingine. Usiuweke kwenye bajeti.

Mizani

Pande zote mbili zina haki kwa sababu zinazungumzia kazi mbili tofauti zilizofungwa katika cheo kimoja. Kazi ya kwanza ni kumwingiza mgeni katika desturi: muundo wa memo, unukuzi, namna ya kujibu swali darasani. Hapo mwanafunzi wa J.D. anafaa, na mara nyingi anamzidi profesa. Kazi ya pili ni kupima na kufundisha sheria yenyewe, ikiwa ni pamoja na kuihusisha na sheria ya kule mgeni alikotoka. Hapo mwanafunzi hafai, hata awe hodari vipi, kwa kuwa hana elimu ya kulinganisha wala mamlaka ya kutoa alama kwa mtu anayekaa naye darasa moja.

Shule inayotenganisha kazi hizi mbili, ikamfunza msaidizi wake mpaka wa msaada kabla muhula haujaanza, ikampunguzia idadi ya rasimu, ikamwachia profesa alama zote, imetumia fedha ya mgeni kwa haki. Inayoziunganisha imebana matumizi kwa jina la ushirikiano wa wanafunzi.

Kwa hiyo, mwombaji, kabla hujatuma amana ya kushikia nafasi, iandikie ofisi ya LL.M. na kuuliza mambo matatu: nani atasoma rasimu zangu, nani atatoa alama ya mwisho, na mwalimu aliyeajiriwa atanipa muda gani wa ana kwa ana kila muhula. Uliza kwa maandishi, upate jibu kwa maandishi. Ukiambiwa kwamba alama inatoka kwa mwanafunzi mwenzako, tafuta shule nyingine.